Nusu ya Sabuni

Mgongo wa Fundi Dawati ulikuwa umepinda kwa sababu moja tu, na sababu hiyo aliibadilisha kila wiki. Wiki moja aliwaambia watoto wa shule kwamba aliwahi kubeba mlango wa chuma wa benki kwa miguu siku tatu, akafika akaambiwa si benki hiyo. Wiki nyingine alisema umepinda kwa kuinamia watu wafupi, maana yeye ana adabu. Ukweli ni kwamba miaka thelathini na moja ya kupiga misumari chini ya madawati ya shule ile ile humpinda mtu yeyote. Lakini ukweli huo haukuwa na chumvi, na mzee hakuwa mtu wa kumpa mgeni kitu kisicho na chumvi.

Alistaafu, akaaga, akapewa saa ya ukutani isiyotembea. Mwezi haukuisha, mwalimu wa darasa la sita akamfuata nyumbani. Alikuwa mwanamke kijana, sauti ndogo, chaki nyuma ya sikio kama fundi anavyoweka penseli.

"Baba, nasikia wewe ni mwongo."

"Nani kakwambia?"

"Shule nzima."

"Hao ndio waongo. Mimi napamba tu."

"Basi nataka uje uliongopee darasa langu. Kila Ijumaa."

Mke wake, aliyekuwa anapepeta mchele pale mlangoni, akacheka mpaka ungo ukamwegemea magotini. "Mwalimu, umekuja kuchota maji baharini! Mchukue huyo Bwana Maneno, mchukue hata leo, nami nipumzishe masikio."

Ndivyo ulivyoanza Mfuko wa Ijumaa. Fundi alitunga mtu kichwani, akatia mfukoni vitu vya mtu huyo, sita au saba, akaandika ukweli wake kwenye karatasi, akaufungia ndani ya bahasha. Watoto walitoa kitu kimoja kimoja na kutafuta mwenyewe ni nani. Ukutani mwalimu alibandika maswali manne kwa maandishi makubwa. Unasema nini? Umeona nini? Ulichokiona kinakufikishaje huko? Kingeweza kuwa nini kingine? Aliyesema bila kujibu maswali hayo alizomewa na darasa zima, kwa heshima. Mwenye mfuko naye hakuruhusiwa kufungua mdomo mpaka mwisho. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, kwa mtu kama yule.

Maswali hayo hayakukaa kwenye mfuko peke yake. Kwenye hesabu mwalimu aliandika ubaoni swali lililofanywa vibaya, watoto wakaambiwa wasilifanye upya, watafute ni mstari gani akili ilipoteleza. Kwenye historia aliwapa barua mbili za siku moja zinazokana, waseme kila mwandishi alikuwa amesimama wapi. Kwenye sayansi hakuna aliyeruhusiwa kusema "maji yamekauka" kabla ya kusema maji hayo yangeweza kwenda wapi kwingine. Wazazi walilalamika. Watoto walikuwa wanauliza "umejuaje?" mpaka mezani.

Na walikuwa wakali. Siku moja fundi aliwaletea mtu wa jangwani, akajisifu moyoni. Binti mmoja mwembamba, waliyemwita Pingamizi kwa sababu swali la nne lilikuwa mali yake, akageuza kiatu cha mtu wa jangwani na kugonga kisigino mezani. Likadondoka donge la tope.

"Babu Fundi, jangwani kwako mvua ilinyesha lini?"

Mzee alirudi nyumbani siku hiyo akiwa ameshindwa, na furaha yake haikupimika. Alimsimulia mke wake, akaongeza mambo. Katika masimulizi yake donge lile lilikuwa na chura ndani.

Hiyo ilikuwa zamani kidogo. Sasa mke wake alikuwa na miezi mitano kaburini.

Alitoka nyumbani Jumatano asubuhi bila kuaga. Kabla ya saa sita watu wakaja kumwambia fundi kwamba ameanguka stendi kuu, kwenye benchi la abiria, na hakuamka. Moyo, walisema kwenye zahanati ya jirani na stendi. Walimkabidhi mfuko wake wa kitambaa, mikanda imefungwa fundo. Ndani mlikuwa na gauni, taulo, sabuni, vitu vya mtu anayekwenda kulala mahali.

Na stendi kuu ndiko yalikotoka mabasi ya kwenda kwa dada wa mke wake, mji wa mbali, mwendo wa siku nzima.

Jumapili ya kabla yake walikuwa na wageni. Fundi alimtania mke wake mbele yao, kama alivyomtania miaka arobaini, wageni wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Jumatatu alizungumza maneno ya lazima tu. Jumanne vilevile. Jumatano fundi alimsikia akifunga mlango polepole, akajifanya amelala.

Kwa hiyo alijua. Mke wake alikuwa amemchoka, akafunga mfuko, akaondoka, akafa akiwa njiani kumkimbia. Aliyaweka hayo moyoni, na mfuko akauweka juu ya kabati. Shemeji yake, huyo dada wa marehemu, alipokuja msibani, fundi alimuuliza mara moja tu, "Alikwambia anakuja?" Shemeji akasema, "Hakuniambia kitu, shemeji yangu." Fundi akaona hilo nalo ni jibu: mtu anayetoroka hapigi hodi. Majirani walimwambia alipendwa, mke alikuwa na bahati, ni mipango ya Mungu. Watu wazima humwambia mfiwa kile kitakachomfanya anyamaze.

Mwezi wa tano mwalimu akaja. "Baba, watoto wanaulizia mfuko. Usijilazimishe. Siku ukiweza."

Siku hiyo fundi alikaa kitini akiangalia juu ya kabati mpaka chai ikaota ngozi. Aliwajua watu thelathini na wanane duniani wasiojua kubembeleza. Wangemwambia walichokiona, na zaidi ya hapo wangezomeana. Ijumaa akavaa shati la pasi, akauteremsha ule mfuko, akaufuta vumbi. Akachukua bahasha, akatia karatasi, akailamba.

Hakuandika kitu kwenye karatasi hiyo.

* * *

"Babu kaja! Babu, leo mgongo umepinda kwa nini?"

"Leo tuna kazi," alisema. Akaweka mfuko juu ya meza ya mwalimu, bahasha pembeni. "Mwenye mfuko huu ni mama mtu mzima. Alionekana mara ya mwisho stendi kuu, Jumatano, saa tatu asubuhi. Nataka kujua alikuwa anakwenda wapi. Na alikuwa anaondoka moja kwa moja, au alikuwa na nia ya kurudi."

"Maswali mawili!" alilalamika mvulana wa mbele waliyemwita Profesa, mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Siku zote ni moja."

"Leo ni mawili."

Akaketi kwenye dawati la nyuma, alilolipiga misumari mwenyewe mara tatu, akafunga mdomo.

Profesa hakusubiri mfuko ufunguliwe. "Nasema anasafiri mbali. Nimeona stendi kuu. Stendi kuu ndiko yanakotoka mabasi ya safari ndefu."

Fundi alihisi kama kapigwa nyundo kidoleni. Hata watoto.

"Na swali la nne?" aliuliza mwalimu.

Pingamizi alikwisha simama. "Mimi juzi nilikuwa stendi kuu, na nilikuwa nakwenda kunyolewa."

Darasa likacheka. Mwalimu akampa chaki. "Chora."

Akachora duara, ndiyo stendi, akaanza kuchomoa mistari kama miale ya jua. Huu mstari sokoni. Huu kwa mabasi ya mbali. Huu mahakamani. Huu kiwandani. Wenzake wakamwongezea kwa makelele: hospitali kuu, kanisani, uwanja wa mpira. Mistari tisa. Mwalimu akawauliza, kama kila mstari una nafasi sawa, stendi peke yake imetupa uhakika kiasi gani? Profesa akapiga hesabu, akavua miwani. "Moja kwa tisa. Naondoa kauli yangu, mwalimu."

Kule nyuma mzee aliitazama ile mistari tisa. Miezi mitano yeye alikuwa ameona mstari mmoja.

Mfuko ukafunguliwa. Ikatoka taulo, ndogo, imekunjwa mara nne. Kikombe cha plastiki. Kijiko. Ndala za mpira. Kipande cha sabuni ndani ya karatasi ya nailoni. Mwisho gauni la bluu lenye vifungo mbele kuanzia shingoni hadi chini.

Gauni lilipofunuliwa mwalimu alinyanyua macho haraka. Alikuwa amewahi kuliona. Lilikuwa likipepeta mchele mlangoni. Akamtazama mzee, chaki ikasimama mkononi, midomo ikafunguka kusema basi, inatosha, watoto toeni madaftari. Fundi akatikisa kichwa mara moja. Mwenye mfuko haongei, lakini kutikisa kichwa hakukuwa kumekatazwa popote. Mwalimu akashusha chaki. "Endeleeni," alisema, na sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi.

"Gauni ni moja," alisema Profesa, aliyetaka kurudisha heshima yake. "Mtu anayehama anabeba gauni moja? Mama yangu akienda kulala kwa bibi siku mbili tunabeba mpaka pasi."

"Labda alikuwa nalo hilo tu."

"Haliwezi kuwa hilo tu, na alilovaa je? Au alikwenda stendi uchi?"

Vicheko tena. Mwalimu akagonga meza. Mtoto wa nesi, mvulana mnene asiyependa kuongea, alikuwa amenyanyua mkono muda mrefu mpaka akaushikilia kwa mkono wa pili.

"Anakwenda kulazwa," alisema.

"Umeona nini?"

"Kikombe, kijiko, taulo, ndala, sabuni. Mama anawaandikia wagonjwa wake hivyo hivyo, wanabandika mlangoni wodini. Na gauni wanasema lifunguke mbele, daktari apime kifua bila kumsumbua mgonjwa."

Wenzake wakageukia vile vitu mezani, wakipima.

"Cheti kiko wapi?" aliuliza Pingamizi. "Mgonjwa ana cheti. Hapa hakuna."

"Faili linabaki hospitali. Ukiambiwa uje ulazwe, umeshakwenda kupimwa kabla. Mara nyingi, siyo mara moja."

Mara nyingi. Mzee aliuma ulimi. Kulikuwa na Jumatano nyingi, sasa alizikumbuka. "Naenda kwenye kikundi," alisema mke wake, na yeye alikuwa akimjibu, "Mkamalize kunisengenya mapema, nina njaa."

Binti wa fundi cherehani alikuwa amelivuta gauni kwake, anapitisha vidole kiunoni kama mama yake afanyavyo. Akajichoma. "Lina pini! Mwalimu, tazama. Limebanwa huku na huku, vidole vitatu kila upande. Huyu mama amekonda. Gauni lilikuwa lake, tazama kwapani palivyochakaa, halafu likamzidi."

"Au lilikuwa la dada yake mnene," alisema Pingamizi.

"Mikunjo ya kiwiko imekaa mahali pake. Gauni la kuazima halikunji hivyo." Kwa mambo ya nguo hakuna aliyebishana naye. Akaligeuza. "Na nasema kingine. Alijibana mwenyewe. Pini za kulia zimenyooka, za kushoto zimekwenda upande, na mgongoni hakuna hata moja. Mtu akibanwa na mwenzake, mgongoni ndiko wanakoanzia. Ukiwa peke yako mkono haufiki."

Hapo darasa lilichemka. Kila mmoja alikuwa na la kuongeza, na yote yalikwenda upande mmoja. Kikombe kimoja. Kijiko kimoja. Mtoto wa nesi akasema mgonjwa wa kulazwa huja na mtu wa kumbebea mfuko, ila asiye na mtu ndiye hukaa kwenye benchi na mfuko mapajani. Binti wa fundi cherehani alikwenda ubaoni, chini ya ile mistari tisa, akaandika kwa mwandiko wake mzuri:

Mama huyu alikuwa anakwenda hospitali. Aliishi peke yake.

Fundi Dawati aliusoma mstari huo mara moja. Alikuwa amekuja na hofu kwamba wangemwambia mke wake alimkimbia. Hilo alikuwa amejiandaa nalo, alilala nalo miezi mitano kama godoro lenye msumari, mwili umezoea. Hili hakuwa amejiandaa nalo.

Maana sasa ule utani wa Jumapili ulirudi wenyewe, mzima, na sauti zake zote. Wageni walikuwa wamekaa. Mke wake alimwinamia akamwambia, taratibu, "Mume wangu, Jumatano nataka unisindikize mahali." Na yeye akasimama katikati ya chumba, akapanua mikono: "Jamani, mmesikia? Miaka arobaini, leo anataka kusindikizwa! Anaogopa nini? Mwizi gani atamwiba huyu, mwizi naye si ana macho?" Wageni wakashika mbavu. Mmoja alimwaga chai.

"Mimi napinga," alisema Pingamizi.

"Wewe unapinga mpaka kengele ya chakula!"

"Napinga sehemu ya pili. Hakuishi peke yake. Sabuni."

"Sabuni imefanyaje?"

Akaichukua ile sabuni, akaitoa kwenye nailoni, akainua juu wote waone. "Imekatwa. Katikati kabisa, mpaka maandishi yake yamebaki nusu."

"Kaikata ili iwe ndogo, ienee mfukoni," alisema Profesa.

"Mfuko una nafasi ya kuku mzima."

"Basi dukani wanauza nusu."

"Dukani wanakata mpya. Hii imeshatumika, tazama mgongo wake ulivyolika. Halafu ndiyo ikakatwa. Na kisu ni cha meno, cha mkate, kimeacha mistari. Huyu mama alikuwa na sabuni moja nyumbani, anaitumia. Akienda nayo yote, kuna mtu atakosa ya kuogea. Akiiacha yote, yeye atakosa. Akakata." Alishika pumzi. "Ukiishi peke yako unamkatia nani?"

Binti wa fundi cherehani alikuwa bado na chaki mkononi. "Labda nusu nyingine aliiacha kwa ajili yake mwenyewe. Akirudi."

"Akirudi si anarudi na hii?"

Profesa akaichukua sabuni, akaukagua upande uliokatwa.

"Hatuwezi kumaliza," alisema mtoto wa nesi. "Hiyo nusu nyingine hatunayo. Angekuwepo mtu aliyeiona."

"Bahasha!" walianza kupiga madawati. "Bahasha! Bahasha!"

Mwalimu hakuigusa. Profesa, kwa kuwa alikaa mbele, akaichana, akatoa karatasi, akaigeuza huku, akaigeuza kule. "Babu! Hujaandika kitu!"

Vichwa thelathini na vinane vikageuka nyuma.

Mzee alisimama. Ilimchukua muda kutoka kwenye dawati lile, lilitengenezwa kwa magoti ya watoto. Akatembea katikati ya safu mpaka mezani, akaweka kiganja juu ya taulo.

"Sikuandika kwa sababu nilikuwa sijui," alisema. "Nilikuja kuwauliza."

"Huyu mama si wa kutunga?" aliuliza Pingamizi.

"Si wa kutunga." Akatafuta neno la kuchekesha, kwa mazoea, kama mtu apapasavyo mfuko wa shati kutafuta miwani. Halikuwepo. "Naomba kuongeza ushahidi, kama mwalimu ataruhusu."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa tu.

"Hiyo nusu nyingine nimeiona. Iko... ilikuwa kwenye kisahani, kando ya beseni, kwangu. Siku ile jioni watu walipoondoka nilinawa nayo. Kesho yake nikaoga nayo. Nimeitumia mpaka ikawa kama ukucha, ikapotea. Sikujiuliza hata siku moja kwa nini ni nusu."

Pingamizi alirusha ngumi hewani. "Nilisema! Hakuishi peke—"

Akaishia hapo. Akili yake, iliyozoea kufuata kitu mpaka mwisho, ilifuata na hicho, na watoto wote walimwona kilipomfikia. Mkono ulishuka taratibu. "Babu," alisema, "pole." Halafu akaketi, akalala kifudifudi juu ya dawati, na mwenzake akamwekea mkono mgongoni.

Binti wa fundi cherehani alikuwa amekwisha chukua kifutio. Alisimama mbele ya mstari wake, uso umemwiva, akaanza na neno la mwisho.

"Usifute," alisema mzee.

"Lakini si kweli, Babu. Alikuwa na wewe."

"Aliniambia nimsindikize. Na hilo nalo mliandike kwenye ushahidi. Aliniambia mbele za watu, nikamfanyia mzaha." Alilitazama gauni, ule upande wa mgongo usio na pini. "Mimi nilikuwa chumba kile kile alipokuwa anajibana. Nilikuwa nimejifanya nimelala. Sasa nipe sababu ya kuufuta."

Mtoto aliyatazama maswali manne ukutani, la kwanza, la pili, la tatu, akakaa muda mrefu kwenye la nne. Akarudisha kifutio mahali pake.

Kengele iligongwa na hakuna aliyekimbia. Mwalimu alikunja gauni, kwa uangalifu, asijichome. Akakunja taulo mara nne kama ilivyokuwa. Mtoto wa nesi alirudisha kikombe na kijiko. Sabuni iliwekwa ya mwisho, juu.

Mlangoni kitoto kimoja cha darasa la pili, kisichojua lolote, kilimkamata mzee suruali. "Babu, Babu! Mgongo wako umepinda kwa nini?"

Alisimama, mfuko kifuani.

"Kwa kuinama chini ya madawati," alisema. "Miaka mingi."

Kitoto kilisubiri kuona kama kuna zaidi. Kilipoona hakuna, kikamwachia suruali, kikaenda kucheza.